Bustani moja ya Bronx: chura wa Kihansi, tembo Happy na uhalali wa kuwafungia wanyamapori

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwenye bustani ya wanyama ambayo sitaitaja jina, kisha nikawaagiza waandike ripoti ya ziara. Mwanafunzi mmoja, mtoto mkimya anayependa kuhesabu kila kitu, aliandika hivi: "Simba hutembea hatua tisa, hugeuka, kisha hutembea hatua tisa tena." Nilimpa alama ya vema, kwa kuwa alikuwa ameangalia kwa makini kuliko wenzake waliokuwa wakishindana kumrushia njugu. Usiku, baada ya kukunja madaftari, ndipo nilipotambua kwamba mtoto yule alikuwa ameeleza urefu wa banda akidhani anaeleza tabia ya simba, na kwamba mimi, niliyelipa nauli ya basi ili akajifunze, nilikuwa nimeuthibitisha upotofu huo kwa wino mwekundu.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema, ili anayetaka kuupinga asihangaike kuutafuta. Naamini kumweka mnyama wa porini kizuizini kunaweza kuwa halali pale ambapo sisi wanadamu ndio tuliomvunjia nyumba, ambapo maumbile yake yanaweza kuvumilia kizuizi, na ambapo anayemshikilia anafanya kazi ya kweli ya kumrudisha alikotoka. Mambo hayo yakikosekana, yanayobaki ni maonyesho, na mwenye maonyesho asijifunike shuka la uhifadhi.

Nitajadili zaidi bustani moja, ile ya Bronx jijini New York, iliyofunguliwa mwaka 1899. Nimeichagua kwa sababu ndani ya uzio wake yamepita mambo matatu yanayofaa kutazamwa pamoja, na mawili kati yake yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki na Kati moja kwa moja.

Nianze na lililo jema. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, watafiti waligundua chura mdogo wa manjano asiyefikisha sentimita tatu, ambaye hatagi mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto walio hai. Duniani kote aliishi mahali pamoja tu, kwenye eneo la takriban hekta mbili lililokuwa likiloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Tatizo ni kwamba maji hayo hayo ndiyo yaliyokusudiwa kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 180. Bwawa lilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Bronx, na baadaye wengine wakagawiwa kwa bustani nyingine za Marekani, ikiwemo ya Toledo. Haikuwa kazi rahisi. Wengi walikufa, na kuna wakati waliosalia hawakufika mia moja. Huku nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Ingawa yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura uliingia, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa nchini na kupokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 walianza kuachiwa tena korongoni.

Mimi sina neno la kuwalaumu waliowafungia vyura wale ndani ya visanduku vya kioo. Umeme ninaoutumia kuandika uzi huu ni wa gridi ileile, kwa hiyo deni ni langu pia. Zaidi ya hayo, chura aliyeishi maisha yake yote kwenye mita chache za majani mabichi, akipewa unyevu ule ule, joto lile lile na wadudu wale wale, sioni sana alichopungukiwa. Kisanduku kilifanana na korongo kuliko korongo lenyewe lilivyokuwa wakati huo.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo ni chungu. Mwezi Septemba 1906 bustani hiyohiyo ilimweka ndani ya banda la nyani kijana wa Kimbuti kutoka Kongo aitwaye Ota Benga, na watu wa New York wakafurika kumtazama. Wachungaji weusi wa jiji walipinga vikali, akaondolewa baada ya wiki chache, lakini hakurudi kwao tena. Mwaka 1916 alijiua huko Lynchburg, Virginia. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi hadharani mwaka 2020. Naomba nieleweke vizuri: silinganishi binadamu na mnyama, na atakayelinganisha hivyo atakuwa anarudia dhambi ileile. Ninachokitaja ni hoja iliyotolewa siku zile, kwamba maonyesho yale yalikuwa na faida ya elimu kwa umma. Neno "elimu" likishatamkwa mbele ya banda, watu huacha kuuliza ni elimu gani.

Jambo la tatu ni Happy, tembo jike wa Asia aliyekamatwa porini akiwa mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufikishwa Bronx mwaka 1977. Watafiti walimchora alama ya msalaba mweupe juu ya jicho, wakamsimamisha mbele ya kioo kikubwa. Akaitazama sura yake, akainua mkonga na kuigusa alama ile kichwani mwake mara kadhaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, naye akawa tembo wa kwanza kuthibitika kwamba anajitambua kwenye kioo. Katika miaka iliyofuata tembo huyo, wa jamii isiyojua kuishi bila mama, shangazi na dada, alitengwa na tembo wenzake, na watetezi wake wakafungua shauri mwaka 2018 wakiomba aachiwe kwa amri ileile inayotumika kumtoa mtu aliyefungwa bila haki. Tarehe 14 Juni 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikataa kwa majaji watano dhidi ya wawili, ikisema amri hiyo ni ya binadamu tu. Kisheria pengine majaji walio wengi walikuwa sahihi. Bustani nayo ilijitetea kwamba anatunzwa vizuri, na siamini kwamba ilidanganya, kwani alikuwa na chakula, daktari na watumishi waliomjua kwa miaka mingi.

Hata hivyo utunzaji mzuri una mipaka yake kwa tembo, na ushahidi wa jambo hilo umetoka kwetu. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha tembo wa bustani za Ulaya na wale wa Amboseli, Kenya. Kwa tembo majike wa Afrika waliozaliwa bustanini, umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 16.9, kwa wale wa Amboseli waliokufa kifo cha kawaida, ulikuwa miaka 56. Hata walipojumuishwa waliouawa na binadamu kwa mikuki na risasi, tembo wa Amboseli bado walifikia miaka 35.9. Wenye bustani wamejibu kwamba takwimu zilianzia miaka ya 1960 na kwamba matunzo yamebadilika tangu hapo, na jibu hilo lina haki ya kusikilizwa. Lakini tembo anayeishi kati ya majangili kumzidi umri mwenzake mwenye daktari wake mwenyewe ni jambo ambalo maboresho madogo ya banda hayawezi kulieleza.

Kabla sijaweka kalamu chini, tusijifanye kwamba mabanda hayo ni dhambi ya Wazungu pekee. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa China wakiwa na twiga wa zawadi, na sisi hujivunia habari hiyo kila tunapoeleza ukongwe wa biashara ya pwani bila kujiuliza yule twiga alimaliza vipi siku zake. Novemba 2010 ukaja ule mkasa ambao kila Mtanzania anaujua, twiga wanne na wanyama wengine zaidi ya mia moja kupakiwa ndege uwanja wa Kilimanjaro kuelekea Qatar. Tuliucheka, tukautungia misemo, "twiga kapanda ndege", mpaka uchungu ukaisha. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Mwaka 2022 ruhusa ya muda ikatangazwa, na siku chache baadaye ikasitishwa kwa kelele za wananchi. Banda la ughaibuni huanzia kwenye kamba ya mtegaji wa hapa.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa 1

Shikamoo mwalimu. Nimesoma hadi mwisho na nakubaliana na mengi, lakini kuna jambo umelipita haraka. Mimi nimezaliwa na kukulia Mbagala, na tembo nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na nne, kupitia dirisha la basi linalokatiza Mikumi, tena kwa sekunde chache kwa sababu dereva hakupunguza mwendo. Watu wanavuka bahari kuja kuwatazama wanyama wetu, ilhali jirani yangu anayeuza vitumbua hawezi kumpeleka mwanawe hata hifadhi ya karibu. Kiingilio cha mzawa si tatizo. Tatizo ni gari, malazi na siku mbili za kufunga biashara. Kwa mama yule bustani ya mjini, inayofikika kwa daladala, ndiyo hifadhi pekee aliyo nayo. Ukiifunga kwa jina la haki za simba, utakuwa umewaachia wenye Land Cruiser peke yao uhondo wa kuwaona wanyama. Na mtoto asiyewahi kumwona simba, kesho akiombwa achague kati ya hifadhi na shamba, atamtetea kwa lipi?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kusikia kwa upande wa bustani, na ni kweli niliipita haraka kwa sababu inaniuma. Sitaki kusema kwamba mtoto wa Mbagala atosheke na picha.

Lakini tuitazame kwa karibu. Tukimpeleka akamwone mnyama, ni mnyama gani, na amefikaje pale? Pale Nairobi kuna makao ya wanyama yatima yaliyopo tangu miaka ya 1960 kwenye lango la hifadhi, na watoto wa shule huingia kwa maelfu. Kituo cha Entebbe nacho kilianza kama bustani ya kawaida miaka ya 1950, kisha mwaka 1994 kikageuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori kinachopokea walionyang'anywa wafanyabiashara haramu na waliookolewa mitegoni. Mbali kidogo, ndani ya Ziwa Victoria, kipo kisiwa cha Ngamba, kilichofunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe yatima. Kina ukubwa wa takriban ekari mia moja, karibu zote msitu, na wageni hubaki upande wao wa uzio juu ya jukwaa wakisubiri sokwe watoke kula. Wasipotaka kutoka, mgeni hurudi na alichokiona. Mtoto akiambiwa pale kwamba sokwe huyu mama yake aliuawa kwa ajili ya nyama, na kwamba hawezi kurudi porini kwa sababu hii na hii, amefundishwa jambo la kweli. Kizuizi kimeelezwa sababu yake.

Simba wa hatua tisa hakuwa na maelezo yoyote. Kibao chake kilisema jina, uzito, na kwamba ni mfalme wa porini.

Mchangiaji wa 2

Mwalimu, mimi ni daktari wa mifugo, na naomba nikutoe kidogo kwenye hisia. Sharti lako la tatu, la kumrudisha mnyama alikotoka, ni zuri kulisema, lakini kwenye kazi yetu ni sharti linaloua. Chura wa Kihansi mwenyewe umeona: korongo alilorudishwa lina ugonjwa uliommaliza. Faru weupe wa kaskazini wanne waliletwa hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, Desemba 2009 kutoka bustani ya Dvůr Králové huko Czech, kwa matumaini kwamba hewa ya Afrika ingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014, Sudan akafuata Machi 2018, na waliobaki duniani ni Najin na binti yake Fatu, wakiwa chini ya ulinzi wa bunduki usiku na mchana. Porini Garamba, hifadhi ya huko Kongo, walikwisha muda mrefu. Sasa niambie, bila ile bustani ya Czech tungekuwa na hata hao wawili wa kuchukua mayai yao kwa ajili ya upandikizaji?

Wapo pia waliofaulu bila kutarajiwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika lililohusishwa na bustani ya Frankfurt liliwaachia sokwe 17 kwenye kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, sokwe waliokuwa wamekaa miaka kwenye mabanda na sarakasi za Ulaya. Kwa vitabu vya leo wangetazamiwa kufa. Wakaishi, wakazaana, na wajukuu wao hukimbia watu kama sokwe wa kawaida. Kwa hiyo hakuna kanuni moja.

Na swali langu la mwisho ni la moja kwa moja: simba wako, ukimfungulia leo, utampeleka wapi? Hajui kuwinda, hamwogopi binadamu, na wiki haitaisha kabla hajaingia kwenye zizi la mfugaji.

Mleta uzi

Daktari, nakubali kwamba simba yule hatarudi popote, na sijasema afunguliwe. Kuhusu faru, nakubali pia, ila tukumbuke kwamba Sudan mwenyewe alikamatwa porini mwaka 1975 akiwa mtoto, wakati jamaa zake bado walikuwepo kwa mamia. Bustani ilimwokoa na janga ambalo haikulitabiri; mwaka ule ilikuwa inamtafuta kwa maonyesho. Matokeo mema hayabadilishi nia ya awali, ingawa nashukuru kwamba yametokea.

Ninapogombana na bustani ni kwenye kuzalisha. Mnamo Februari 2014 bustani ya Copenhagen ilimuua twiga mwenye afya aitwaye Marius, kwa sababu nasaba yake ilikuwa imeshajaa kwenye mpango wa Ulaya wa kuzalisha twiga, ikampasua mbele ya watoto na kuwalisha simba nyama yake. Dunia ilipiga kelele kuhusu kupasuliwa. Mimi kupasuliwa hakukunisumbua, maana watoto wetu wameona ng'ombe akichinjwa kila sikukuu. Kilichonisumbua ni kwamba mpango uliopangwa na wataalamu, wenye madaftari ya nasaba ya kila mnyama, ulimleta duniani kiumbe ambaye ulijua unaweza kukosa nafasi yake. Mnyama asiye na pa kurudi anaweza kutunzwa hadi uzee wake, na huo ni wajibu wetu. Kumzalisha ili banda lisiwe tupu ni jambo jingine kabisa.

Mchangiaji wa 3

Mwalimu na daktari, nawaandikia kutoka Muscat, ambako wazee wetu walirudi kutoka Unguja. Hapa kuna kisa ambacho kinampa kila mmoja wenu nusu. Choroa mweupe wa Uarabuni aliuawa hadi wa mwisho mwaka 1972 katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Bahati ilikuwa kwamba mwaka 1962 Ian Grimwood, mkuu wa wanyamapori wa Kenya wakati huo, alikuwa ameongoza msafara wa kukamata wachache, wakaunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudia hadi wakafika tisa, wakatunzwa bustani ya Phoenix, Arizona. Mwaka 1982 uzao wao uliachiwa hapa Oman, na kufikia mwaka 1996 walikuwa takriban 450. Hapo daktari anapata nusu yake.

Nusu ya mwalimu ni hii. Baada ya hapo majangili waliwavamia, na wengi hawakutaka nyama. Walitaka choroa hai, hasa majike, wa kuwauzia matajiri wenye bustani za nyumbani. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki kama 65, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na UNESCO ikalifuta kwenye orodha ya urithi wa dunia, mara ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Bustani ziliwarudisha, na tamaa ya kuwa na bustani ikawamaliza tena.

Mleta uzi

Ahsante sana, ndugu wa Muscat. Kisa hicho sikukijua kwa upana huo, na kinanilazimisha kurekebisha kauli yangu: haitoshi kuuliza kama bustani inarudisha wanyama, bali hata soko linalolishwa na hamu ya kuwaona. Ndiyo sababu nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zilipokutana Geneva Agosti 2019, ziliamua kubana sana usafirishaji wa tembo wa Afrika wanaokamatwa porini kwenda kwenye bustani za nje ya maeneo yao ya asili, baada ya Zimbabwe kupeleka makumi ya tembo wadogo China.

Daktari, swali lako kuhusu simba halikunitoka kichwani, kwa hiyo juzi Jumamosi nilirudi pale peke yangu kumuuliza mtunzaji. Ni mtu mwema, anamwita simba kwa jina na simba anageuka. Akanieleza kwamba baba wa simba huyo alizaliwa hapohapo, na babu yake pia, na kwamba hakuna mipango ya kupanua banda kwa sababu upande wa pili kuna ukuta wa jirani. Nilipouliza kama wamefikiria kumzuia asizae, alicheka kwa upole kama mtu aliyeulizwa swali la kigeni. Akanipeleka nyuma, penye kivuli, akanionyesha watoto wawili wa simba wa wiki sita wakiwa juu ya gunia. Wataanza kuonyeshwa sikukuu ya Idi, watoto wa shule nusu bei.